Kipande Chetu cha Mfereji

Mwaka wa kwanza baada ya kuhitimu chuo niligundua kwamba sauti ya mtu inaweza kushika kutu. Nilikuwa nimeajiriwa katika ofisi moja kwenye mji wa kaskazini mwa Ujerumani, na nikishawaaga wenzangu Ijumaa jioni sikuwa na mtu mwingine wa kuzungumza naye ana kwa ana mpaka Jumatatu. Basi Jumatatu asubuhi neno langu la kwanza lilitoka likikwaruza, kama la mtu aliyeamka na mafua. Nikaanza kujizoeza. Jumapili jioni nilisimama jikoni nikasoma kwa sauti maandishi ya kwenye paketi ya mchele, yote, hadi namna ya kuuhifadhi, ili kesho yake nisiaibike mbele ya watu.

Ndivyo nilivyo. Mtu mwingine angetafuta rafiki. Mimi nilitafuta zoezi. Karibu kila ninachokijua nilijifundisha hivyohivyo, peke yangu, kwa kurudiarudia mpaka nione hakuna doa. Kijerumani nilijifundisha kwa simu nikiwa nyumbani, miezi ile ya kusubiri matokeo ya kidato cha sita, nikipanda na kushuka njia ya shambani huku nikitamka maneno ambayo ng'ombe wa jirani ndio walikuwa wa kwanza kuyasikia. Kompyuta nilijifundisha pia. Chuoni huko Ujerumani nilisomea takwimu, lakini kazi niliyopata baada ya kuhitimu sikufundishwa na mwalimu yeyote: nilipekua programu zilizoandikwa na wenzangu na kutafuta mahali zinapokwama kabla mteja hajakwama.

Nilipomweleza mama kazi hiyo kwenye simu alitaka nirudie.

“Yaani wanakulipa utafute makosa ya wenzako?”

“Ndiyo, mama.”

“Hapa kwetu watu wanaifanya bure.”

Nilicheka peke yangu chumbani, halafu nikaona haya kwa kelele niliyopiga. Kuta zilikuwa nyembamba, na jirani yangu, ambaye hata uso wake sikuujua vizuri, alikuwa amebandika karatasi kwenye ngazi kuomba wapangaji wazingatie utulivu. Sikujua kama ilinihusu mimi. Kwa wiki nzima nilitembea ndani kwa soksi.

Sitaki ionekane kwamba nilitendewa vibaya. Ofisini walikuwa watu wema. Jumatatu waliniuliza mapumziko yalikuwaje, nami nilikuwa na jibu tayari: nilizunguka ziwa. Ilikuwa kweli. Nilizunguka ziwa, nikarudi. Kilichoniuma zaidi kilikuwa kitu kidogo tu, sikuwa na mtu wa kumwamkia. Meza ya jirani alikaa mama mmoja mwenye mvi, umri wa mama yangu au zaidi, na desturi ya pale ilikuwa kumwita kwa jina lake la kwanza. Kila asubuhi mwili wangu ulitaka kuinama kidogo na kusema shikamoo, na kila asubuhi nilimwambia habari kama rika langu. Nilijiona nimemkosea adabu, na yeye hakujua kwamba amekosewa.

Baada ya kuhitimu nilikuwa nimepewa ruhusa ya kubaki kwa muda ili nitafute kazi. Tuliokuja pamoja kutoka nchi mbalimbali tuliishi muda ule kama watu waliosimama kwenye mguu mmoja. Wengine walikosa, wakarudi makwao, tukawasindikiza stesheni na masanduku yao. Mimi nikapata mkataba wa mwaka mmoja. Ulipokaribia kwisha, mkuu wangu wa kazi aliniita, akafunga mlango, akasema wanataka kunipa mkataba wa kudumu. Wale tuliowasindikiza wangelia kwa furaha. Mimi nilisema asante, nikaomba nifikiri. Alinitazama kwa mshangao wa kistaarabu. Akasema niende likizo kwanza, nikirudi nimpe jibu.

Niliomba kufikiri kwa sababu ya jambo ambalo nisingeweza kumweleza, hata kwa Kijerumani changu kizuri. Jumapili iliyotangulia mama alikuwa ameniambia kuhusu mfereji.

Kijiji chetu kiko kwenye mgongo wa mlima juu ya Soni. Mfereji wetu unaanzia kwenye banio ndani ya msitu, pale maji ya kijito yanapozuiwa, unazunguka ubavu wa mlima, ndipo unaingia kwenye matuta ya kabichi, karoti na hoho. Kila mwaka masika yakiisha, mvua ikiwa imeujaza udongo na kuporomosha kingo zake, baragumu la pembe linapigwa na watu wanakwenda msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji kizima. Kila nyumba ina kipande chake cha kuzibua. Mwenye kipande ndiye mwenye zamu ya maji kiangazi chote. Kipande hakichimbwi na kibarua. Waliohamia Dar es Salaam walijaribu kuleta vibarua, wakarudishiwa. Lazima awe mwanamume wa nyumba ile. Anayesamehewa ni mgonjwa, na mwanafunzi. Nyumba ambayo mtu wake yuko masomoni huchimbiwa na ndugu mpaka amalize.

Baba alifariki nikiwa kidato cha pili. Tangu hapo kipande chetu kilichimbwa na mtoto wa baba yangu mdogo, ambaye ni rika langu. Alikichimba nikiwa bweni, akakichimba nikiwa chuo Ulaya. Hakuna aliyelalamika, kwa sababu nilikuwa mwanafunzi.

“Mwaka huu kwenye kikao wamesema kile kipande apewe ndugu yako,” mama alisema siku hiyo, katikati ya habari za msiba wa jirani na bei ya mbolea.

“Kwa nini, mama?”

“Wanasema si mwanafunzi tena.”

“Nani?”

“Si wewe?”

Nilikuwa nimeisubiri digrii ile miaka yote nikidhani inanifungulia mlango. Sikujua kuna mahali inaufunga. Mama alieleza kwa utulivu kabisa kwamba yeye hatakosa maji. Ataingizwa kwenye zamu ya ndugu yangu, kama wajane wengine wanavyoingizwa kwa jamaa zao. Lakini nyumba yetu, nyumba ya baba, haitatajwa tena baragumu likipigwa. Kipande kingebaki chetu kwa sharti moja: mtu wa nyumba aje mwenyewe.

Nikakata tiketi.

Nakiri mpango wangu ulivyokuwa. Nilidhani nimepata njia ya kutochagua. Mkataba wa kudumu una likizo kila mwaka. Ningekuja kila mwaka masika yakiisha, nichimbe kipande, nirudi kazini. Ningekuwa na huku na huku. Ndani ya ndege niliuzungusha mpango ule kichwani kama ninavyozungusha programu, nikatafuta pa kukwama, sikuona.

Niliacha jua la kiangazi cha Ulaya nikaja kutetemeka nyumbani, maana Lushoto mwezi wa sita ukungu hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Mama alinipokea mlangoni kwa Kishambaa, akaniuliza habari za kila mtu niliyemjua na nisiyemjua huko, nami nikajibu kila moja kwa utaratibu, na nilipofika mwisho wa salamu nilikuwa karibu kulia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtu kutaka kujua yote hayo.

Halafu akanipikia wali na kuku. Kesho yake wali na nyama. Yeye mwenyewe alikula makande jikoni, amekaa kwenye kigoda, na nilipomfuata na kijiko changu alinirudisha sebuleni kwa sababu kuna moshi. Alinipa kikombe chenye maua ambacho zamani walinywea shehe na mwalimu mkuu wakitutembelea. Watu walikuja kunisalimu. Walikaa kwenye makochi, wakauliza kama huko kuna ugali, kama ni kweli wazee wanakaa peke yao, kama baridi ya kule inaishinda ya Magamba. Walicheka, wakanitakia heri, wakaondoka. Hakuna aliyeniuliza jambo la kijijini. Kila walipoanza kubishana habari za vocha za mbolea au mpaka wa shamba fulani, walifanya hivyo kwa sauti ya chini wakielekeana, kama tunavyofanya sote mbele ya mgeni ili asichoke.

Ndugu yangu alikuja jioni, ametoka shamba, suruali imekunjwa hadi magotini. Alikuwa ameoa, ana mtoto mmoja mchanga, na analima kabichi kwenye shamba la kukodi huko chini, ambako anamwagilia kwa ndoo. Kipande cha baba yake kina wenyewe, kaka zake wakubwa. Yeye hakuwa na kipande.

“Mjerumani,” aliniita. “Nasikia umekuja kuninyang'anya jembe.”

“Nimekuja kukupumzisha, mgosi. Umechimba sana.”

“Nimechimba kweli. Sasa wewe mikono hiyo ya kubonyeza itaweza?”

Alinishika kiganja, akakigeuza, akamwonyesha mama, mama akacheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Nilicheka nao. Usiku huo, kitandani, nilikunja na kukunjua ngumi gizani nikijaribu nguvu ya vidole.

Msaragambo uliitwa Jumamosi, kwa sababu Ijumaa ni yetu na Jumapili ni ya Walutheri. Baragumu lilipigwa kabla ukungu haujainuka. Nilikuwa nimekwisha kuvaa tangu alfajiri. Njiani niliamkia kila aliyenizidi umri, shikamoo, shikamoo, shikamoo, na kila marahaba iliyorudi niliisikia kifuani. Nikajiambia, unaona, bado upo.

Msimamizi wa mfereji ni baba mmoja mfupi anayeuza karoti Mombo, mwenye haraka ya mtu ambaye gari lake linamsubiri. Alitembea ukingoni akitaja nyumba moja moja, na kila mtu akajibu akaruka ndani ya kipande chake. Alipotaja nyumba ya baba yangu, niliitika. Watu waligeuka. Akaniangalia kuanzia buti hadi kofia, akasema karibu, akaendelea.

Kipande chetu kiko pale mfereji unapokata kona chini ya mwamba, na mvua ilikuwa imekijaza changarawe na mizizi. Nilianza kuchimba. Kwa muda fulani nilifurahi kabisa. Jembe lilikuwa linaingia, udongo ulikuwa mweusi na mzito, harufu yake ilikuwa ya utotoni. Kisha, sijui ni lini hasa, nikaanza kuona makosa. Ukingo wa kulia ulikuwa umepinda. Nikaunyoosha. Nilipounyoosha, wa kushoto ukaonekana umelala. Nikautengeneza nao. Sakafu ilikuwa na bonde. Nikajaza, nikashindilia, nikapiga magoti kutazama kama imelala sawa. Nilikuwa napapasa ukingo kwa kiganja kama mtu anayepiga plasta ukuta wa sebule. Niliwaza kwamba mwakani nikiwa Ujerumani watu wakipita hapa watasema, kile kipande, mwenyewe alikuja akakichimba.

Nikasikia mtu anaruka nyuma yangu. Alikuwa ndugu yangu, amemaliza kusaidia kwao.

“Sogea nikupe mkono.”

“Acha,” nikamwambia, “nitamaliza mwenyewe.”

Nilisema kwa wema. Ndiyo sentensi iliyonipandisha maishani. Walimu wangu wa kule waliiandika kwenye barua za kunitambulisha, kwamba huyu kijana anafanya kazi peke yake bila kusukumwa. Mkuu wangu wa kazi ameitaja kama sababu ya kutaka kunibakiza. Lakini ndugu yangu alisimama na jembe lake begani, uso umembadilika, na hapo hapo nikakumbuka kitu ambacho sikuwa nimekisahau, ila nilikuwa nimeacha kukitumia. Kwenye mfereji wetu mtu akimaliza kipande chake hakai. Anashuka kwa wa chini yake, wanamaliza, wanashuka wawili, wanakuwa watatu, mpaka mwisho wa mfereji kuna kundi zima linachimba kipande kimoja kwa kelele na matusi ya utani. Ukikataa mkono wa aliyeshuka kwako, unasema kwamba nawe hutashuka kwa mtu. Hakuna neno baya zaidi linaloweza kusemwa ndani ya mfereji ule.

Ningeweza kulirudisha pale pale. Nilishindwa. Nilitafuta namna nzuri ya kusema samahani, nikaichambua, nikaiona ina kasoro, nikatafuta nyingine, na wakati huo yeye alikwisha kupanda ukingoni. Wa juu yangu walifika mmoja mmoja, wakamwona amekaa, wakakaa naye. Hawakuniruka kwenda chini, kwa sababu hakuna anayeruka kipande. Na wa chini walikuwa wakimaliza peke yao, wakipaza sauti kuuliza kuna nini huko juu.

Basi nikachimba mbele ya kijiji kizima kilichokaa kimya. Nilichimba vizuri. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko yote: hata wakati ule, nikijua wananisubiri, sikuweza kuacha ukingo uliopinda.

Msimamizi akashuka. Nilitegemea kugombezwa, ningependa kugombezwa.

“Mwanangu,” alisema kwa upole, “hapa hakuna anayesahihisha.”

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Mmoja akasema mwacheni, huenda maji ya kule hayapiti kwenye mfereji usionyooka. Mwingine akasema kipande hiki kioshwe kabisa kwa sabuni. Nami nikacheka, jasho linaniingia machoni.

Mama alikuwa na wanawake wenzake karibu na banio, wakichemsha viazi na chai. Lazima mtu alimpelekea habari, kwa sababu nilimwona anateremka ukingoni, kanga imefungwa kiunoni. Alilitoa jembe mkononi mwangu, akapiga ule ukingo wangu mara chache, ukamomonyoka, akavuta bonge la majani na udongo wake, akalishindilia kwa mguu. Likakaa limepinda, baya, imara. Kisha akamgeukia ndugu yangu kule juu.

“Wewe umekaa kama bwana harusi unangoja nini?”

Wote wakaruka ndani. Kwa muda mfupi tu kipande kilikwisha, mabega yao yakigongana na yangu, mtu akinikanyaga na kuniambia pole huku akicheka. Nilikuwa katikati yao. Nakumbuka nilifikiri, ni hiki, ni hiki nilichokuja kutafuta, na kabla sijamaliza kufikiri walikuwa wameshuka kwenye kipande kinachofuata. Nikawafuata. Nilishuka nao hadi mwisho, nikachimba kama wengine, ovyo na kwa haraka.

Kazi ilipokwisha tulipanda wote tena hadi kwenye banio, maana maji hayafunguliwi mpaka mambo ya vipande yamesemwa. Msimamizi alisimama juu ya jiwe. Akasema kuna kipande kimoja cha kuamua. Akaniita mbele. Alisema ameniona nimekuja, na wote wameona, na safari yangu si ndogo, anaiheshimu. Kisha akauliza alichotakiwa kuuliza.

“Mwezi wa nane ukingo ukibomoka na maji yakaenda bondeni, tumwite nani wa nyumba yenu?”

Mpango wangu mzima, ule niliouzungusha kwenye ndege, ulikwama hapo. Nilikuwa nimehesabu siku moja ya mwaka. Nilisahau kwamba mfereji hubomoka siku yoyote, na mwenye kipande huamshwa.

Watu walinitazama bila haraka. Ningeweza kuahidi kwamba nitarudi, naacha kazi, niko hapa. Nilijaribu sentensi hiyo ndani ya mdomo. Na nitasema ukweli ambao sikumwambia mtu siku ile: haikuzuiwa na woga tu. Naipenda kazi yangu. Napenda kukaa kimya mbele ya kitu kilichoharibika mpaka kijieleze. Napenda kwamba kule kosa lina mahali pake na nikiliona wananishukuru. Hapa nilikuwa nimekosea siku nzima, na hakuna aliyeniambia kosa ni lipi, walitegemea nilijue.

Nilimtafuta mama kwa macho. Alikuwa anapanga vikombe, mgongo umenielekea.

“Apewe ndugu yangu,” nikasema.

Ndugu yangu akainua kichwa. “Mimi sikukiomba.”

“Umekichimba,” msimamizi akamjibu, na likawa limekwisha. Akataja nyumba mpya, ya ndugu yangu, kwa sauti ya kawaida, kama anataja nyumba yoyote, mwenyewe akaitika, wakafungua banio. Maji yakatoka na povu la matope na majani mbele yake, watu wakakimbia nayo ukingoni wakipiga mayowe, nami nikatembea nyuma. Yalipofika kwenye kona ya mwamba yalisita kidogo pale mama aliposhindilia, yakajisukuma, yakapita.

Ndugu yangu alinisubiri huko mbele. Tulitembea pamoja. Karibu na njia panda alinikabidhi jembe letu, ambalo alikuwa amelibeba pamoja na lake.

“Kuhusu asubuhi,” nikaanza.

“Achana nayo, mgosi. Utasafiri lini?”

Nilimwambia. Akasema atakuja kunibebea begi hadi barabarani. Alikuwa akisema kwa moyo mweupe, na nilitamani aninunie.

Nyumbani mama alikuwa amefika kabla yangu. Nilikaa naye jikoni, na safari hii hakunifukuza, labda kwa kuchoka. Nikamweleza habari za mkataba, mwanzo hadi mwisho, jinsi nilivyoulizwa na jinsi nilivyoshindwa kujibu. Nikamwambia nimeamua kusaini. Nikamwambia kwamba nikiwa na kazi ya kudumu nitaweza kumtunza vizuri zaidi, nitajenga choo cha ndani, nitabadilisha bati, ataacha kulima. Nilikuwa nimeipanga hotuba hiyo njiani na ilitoka bila kukwama hata mahali pamoja.

Mama alisikiliza huku anachambua maharage. Nilipomaliza alipepeta ungo mara moja, akatupa mawe nje.

“Saini, mwanangu. Kazi ni nzuri, na wewe unaiweza. Ila usiniambie ni kwa ajili yangu.”

Akaweka ungo chini, akachukua jembe dogo, akatoka. Ndugu yangu alikuwa amemwachia maji ya kwanza ya zamu yake, na jua lilikuwa linazama nyuma ya Mazinde, mwanga umebaki kidogo. Nikamfuata hadi kwenye tuta la kabichi. Aliinama pale mfereji mdogo unapoingia shambani kwetu, akasogeza jiwe, akakwangua udongo, na maji yakaanza kuja kwenye mstari wa kwanza, polepole, yakibeba majani makavu. Akahamia mstari wa pili. Alikuwa akifanya haya kila kiangazi tangu kabla sijazaliwa, na mikono yake haikusita popote.

“Nishike wapi, mama?”

Alinitazama kana kwamba amesahau kuwa nipo nyuma yake, akaangalia buti zangu, akaangalia miche.

“Simama hapo hapo,” akasema. “Angalia usikanyage.”

Nikasimama. Maji yalipita karibu na miguu yangu, yakaenda kwenye mstari wa tatu, na mama akayafuata, akizungumza nayo kwa Kishambaa kwa sauti ndogo ambayo sikuweza kuisikia yote.